Sita Niliyoigeuza Tano

Vijana wangu, juzi mliponiona nimesimama mlangoni mwa steshenari moja pale Majengo, namwambia yule binti aigeuze karatasi ya mteja kabla hajaanza kuchapa, mlicheka. Mmoja wenu akasema, "Babu Severini na mambo yake ya kizamani." Sikukasirika. Mna haki ya kucheka kwa sababu hamjui, na kosa la kutokujua kwenu ni langu mimi niliyenyamaza. Ndiyo maana nimekaa hapa mtaani kwetu Malangali, nimejifunika blanketi, vidole vinaniuma kwa baridi hii yetu ya Julai, nawaandikia.

Kabla ya yote niseme sina ugomvi na simu zenu. Nimeipenda mitambo maisha yangu yote. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nikifa nizikwe na kibodi kifuani, na hakuwa anatania sana. Nilianza kazi wakati kompyuta ikivuliwa viatu. Mnadhani nawatania? Mtu akiingia chumba chenye kompyuta anaacha ndala mlangoni, anapunguza sauti, na akipiga chafya anatoka nje kwanza.

Mwalimu wangu alikuwa Bi Zuhura, mwenye duka la vitenge pale Majengo. Ndugu zake walikuwa watu wa malori na maduka ya jumla, lakini yeye akili yake ilikuwa kwenye mitambo. Ndiye aliyeleta kompyuta ya kwanza niliyowahi kuigusa, imeviringishwa kwenye godoro nyuma ya lori la sukari, na akaishonea shuka la kitenge ili vumbi la kiangazi lisiiingie. Aliniajiri kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Alisema mtu mwenye mwandiko mbaya atapenda kuchapa kuliko wengine, na kweli nilipenda.

Umeme ulikuwa ukija na kuondoka utakavyo, kwa hiyo nilijifunza kuhifadhi kazi kila baada ya sentensi mbili. Mpaka leo nikiandika kwa kalamu, kidole cha kushoto kinajitafutia kitufe. Nilijifunza kufungua kibodi na kuipangusa kwa mswaki, kuutambua ugonjwa wa mashine kwa mlio wake inapowaka, na kutompa mteja karatasi ikiwa bado ya moto, maana ataikunja na wino utafutika. Hayo yote nilimsikiliza. Jambo moja tu ndilo nililoona la kizee.

Bi Zuhura akiletewa mswada wa mtu, kabla hajagusa kitufe aliugeuza. Aliutazama mbele, akautazama nyuma, halafu akauinua kwenye mwanga wa dirisha. Ndivyo alivyokagua vitenge vyake pia, maana kitenge kibaya rangi yake haipenyi upande wa pili. Siku moja nikamwuliza anatafuta nini nyuma ya barua ya mtu anayeomba likizo.

"Severini," akasema, "watu wetu hawana karatasi nyingi. Mtu akiishiwa nafasi anageuza. Na lile zito mara nyingi analiacha mwisho, maana anaona aibu kuanza nalo."

Nikaitikia ndiyo mama, nikaendelea na yangu. Nilikuwa kijana, nina haraka, na nilikuwa nimegundua kitu nilichokiona bora kuliko kugeuza karatasi. Nilikiita faili mama. Ukishachapa kadi moja ya harusi, hufuti. Harusi ya pili unaifungua ile ile, unabadili majina, tarehe na ukumbi, imeisha. Kazi ya saa moja unaifanya kwa dakika kumi. Baadaye nilipofungua ofisi yangu mwenyewe nilikuwa na faili mama za kila kitu: harusi, kipaimara, barua za maombi ya kazi, hata malalamiko ya mipaka ya mashamba.

Ilishawahi kuniumbua. Kuna shangazi mmoja alikuja na kikapu kizima cha kadi za harusi, akanimwagia mezani bila salamu. "Fundi, soma jina la bwana harusi." Nikasoma. Alikuwa bwana harusi wa Jumamosi iliyopita, wa Namanyere huko, ameshaoa na ameshakula pilau. Mtaa mzima ulinicheka mwezi mzima, na mimi nilicheka nao. Laiti ningeogopa siku ile badala ya kucheka.

Kitu kimoja nimekiona katika kazi hii, na ninyi mtakiona. Watu wetu wanaamini kilichochapwa kuliko wanavyoamini mdomo wa mtu. Mwambie mtu habari kwa sauti yako atakuuliza umeisikia wapi. Mpe habari hiyo hiyo imechapwa, ina mistari iliyonyooka na kichwa cha herufi nene, ataikunja na kuiweka sandukuni. Siku hizi mna simu zinazowasahihisha majina ya babu zenu wa Kifipa na kuyafanya maneno mengine kabisa, nanyi mnayaacha hivyo hivyo. Mna mashine inayoandika wasifu mzima wa marehemu ambaye haijawahi kumsalimia hata siku moja. Siilaumu. Mimi nilikuwa namsalimia kila siku yule niliyemharibia.

Alikuwa Mzee Aloisi, katekista mstaafu, jirani yangu hapa Malangali. Nusu ya mji alikuwa ameufundisha mafundisho ya komunyo ya kwanza, mimi nikiwemo. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wake watano wako makazini mikoa mbalimbali, na macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Aliyemtunza alikuwa Leokadia, mama mmoja mpole ambaye sote tulimjua kama mpwa wake, mtoto wa dada yake wa upande wa Nkasi. Leokadia alimwita mjomba. Alimfulia, alimpikia, alimpeleka misa ya kwanza amemshika mkono.

Asubuhi moja walikuja ofisini kwangu. Mzee alikuwa na koti lake la sufu, akamwomba Leokadia amsubiri nje.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nataka unichapie wasifu wangu."

Nikamtania. "Umri huu, Mzee, unaomba kazi wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Wa kusomwa siku ya kunizika. Nimeuandika mwenyewe. Sitaki wakae na kunitungia."

Mnajua wasifu wa marehemu ulivyo kwetu. Kabla ya udongo kurudishwa, mtu anasimama na kusoma: alizaliwa wapi, alisoma wapi, alioa lini, aliugua nini, ameacha nani. Aliyetajwa pale ametajwa mbele ya padri na mtaa mzima, na hakuna atakayemwuliza tena yeye ni nani katika nyumba ile.

Ilikuwa siku ya fomu za shule, wazazi wamejaa mpaka mlangoni. Mzee akanipa karatasi moja ya fuluskepu, herufi kubwa kubwa, mistari imepanda na kushuka. Nikafungua faili mama ya wasifu. Mwishoni ilikuwa tayari na yale maneno ya kumalizia ambayo kila msiba unayajua, kwa hiyo sikuwa na haja ya kutafuta mwisho wa Mzee mwenyewe. Nikajaza kuzaliwa, nikajaza ubatizo, nikajaza ndoa. Nikafika kwenye watoto.

Mzee alikuwa ameandika: Mungu alinijalia watoto sita. Chini yake kulikuwa na majina, la kwanza mpaka la tano, na la tano liko ukingoni kabisa, halikuacha nafasi hata ya kucha. Nikahesabu, nikapata matano. Nikahesabu tena. Wote watano nilikuwa nawafahamu, wengine nilicheza nao chandimu. Nikajisemea moyoni, masikini Mzee, macho yameisha, amejumlisha vibaya. Nikachapa: watoto watano.

Sikumwambia. Hapo ndipo hasa ninapotaka mnielewe, vijana wangu. Sikunyamaza kwa uvivu. Nilinyamaza kwa heshima, ili nisimwaibishe mzee mbele ya wazazi wale kwamba hajui idadi ya wanawe. Niliona nimemtendea wema, na nilijisikia vizuri.

Nilipochapa karatasi na kumkabidhi, aliinama karibu nami, akashusha sauti. "Usinisomee hapa, kuna watu. Niambie tu, yote yameingia? Mpaka yale ya mwisho kabisa?"

"Yote, Mzee," nikamjibu, huku nimeshapokea fomu ya mtu mwingine. "Kompyuta haiachi kitu."

Akaomba bahasha na gundi. Akaifunga mwenyewe, akasema ifunguliwe siku hiyo na si kabla. Mswada wake nikauchomeka kwenye boksi la miswada, maana kutunza miswada nako nilifundishwa na Bi Zuhura, na hilo nililitii. Dirishani nilimwona Mzee amemshika Leokadia bega, anamwambia neno. Yule mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikadhani ni upepo.

Haikupita miaka mingi, tukamzika Mzee Aloisi katika mvua za Machi. Aliyefungua bahasha alikuwa Respisi, mwanawe mkubwa. Niliona jambo ambalo sikulielewa: Leokadia alitoka kwa akina mama waliokuwa jikoni, amevaa kitenge kipya kabisa, bado kina mikunjo ya dukani, akapita katikati ya watu mpaka mbele, karibu na kaburi, akasimama mkono kifuani.

Respisi alisoma vizuri. Akafika pale: Mungu alinijalia watoto watano. Akataja majina. Akamalizia na yale maneno ya faili mama yangu, akakunja karatasi. Watu wakaanza kusogea na udongo mikononi. Leokadia hakusogea. Aliendelea kumtazama Respisi mdomoni, kama mtu anayengoja aendelee. Mzee mmoja kando yangu akaninong'oneza, "Karatasi umeipanga vizuri, fundi." Nami nikaona fahari, Mungu anisamehe.

Kesho yake Leokadia aliondoka. Hakungoja matanga yaishe. Mtaani wakasema yule mpwa ana kiburi, amekosa urithi amenuna. Mimi nilikuwepo wakisema hayo, na sikuongeza wala sikupunguza.

Ilipita miaka kumi na mmoja. Niliponunua kompyuta mpya nilihamisha faili mama zangu zote nikiwa na uangalifu mkubwa, hakuna hata moja iliyopotea. Mwishowe nikafunga ofisi. Macho yangu nayo yakaanza ya Mzee Aloisi, na ninyi mkaja na simu zenu zinazofanya kila kitu. Nikarudi nyumbani na boksi zangu. Siku moja nilikuwa uani nachoma karatasi kuukuu, lakini kwanza nazigeuza moja moja, natafuta zenye mgongo mweupe ili wajukuu wachoree. Ndivyo nilivyoanza hatimaye kumtii Bi Zuhura, ofisi imeshafungwa.

Nikaishika ile fuluskepu, nikaigeuza. Haikuwa nyeupe.

Ilikuwa imeandikwa hivi: "La sita ni Leokadia. Huyu mmemjua kama mpwa wangu. Ni mwanangu wa kumzaa. Nilimficha kwa ajili ya kazi yangu ya kanisa na kwa woga wangu. Ninyi watano, huyu ni dada yenu. Nisameheni, lakini msimfiche tena."

Nilikaa juu ya tofali nikalia. Moto ulizimika na karatasi zikapeperuka uani kote. Mzee hakukosea hesabu. Alijua idadi ya wanawe vizuri kuliko mtu yeyote, na mimi nilimsahihishia.

Nilifanya nilichojua kufanya. Nikawasha mashine, nikachapa upya wasifu wote, safari hii bila faili mama, neno kwa neno, watoto sita. Nikauchapisha kwenye karatasi nzito, nikaufanyia leminesheni ya plastiki pale Majengo, ukang'aa. Kesho yake nikapanda basi la Namanyere, nilikosikia Leokadia amehamia, ule mpya mfukoni kushoto na mswada wa Mzee mfukoni kulia.

Nilimkuta sokoni, anauza dagaa wa ziwani. Nywele zimeanza mvi. Alinitambua kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo baba. Si wewe fundi kompyuta wa Malangali?"

"Ndimi, mama. Marahaba."

Akanipa kigoda, akamwagiza jirani yake aniletee chai. Nikampa tu ile fuluskepu, upande wa nyuma ukiwa juu. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Akaigeuza mbele, akarudi nyuma.

"Hii ilikuwa kwa nani?"

"Kwangu. Kwenye boksi. Sikuigeuza, mama."

Akaja mteja, akampimia dagaa, akamrudishia chenji, akamtakia safari njema. Kisha akakaa.

"Aliniambia pale pale nje ya ofisi yako," akasema. "Alisema, 'Mwanangu, nimeshaandika. Siku hiyo utasikia jina lako mbele ya watu wote, na hutaniita mjomba tena.' Tangu utoto wangu sikuwahi kumwita vingine. Nikanunua kitenge nikakiweka, kwa ajili ya siku hiyo tu. Msiba ule watu walilia, baba, mimi nilikuwa nangoja kutajwa."

Chai ikaletwa, nikaiweka chini.

"Nikajua amebadili mawazo. Nikajua mwishoni aliogopa tena. Miaka kumi na mmoja sijamwombea hata misa moja. Novemba watu wakienda kuwasha mishumaa makaburini, mimi nakaa hapa na dagaa wangu, nasema wale watano watamwashia." Akaifuta karatasi kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Alikuuliza kama yote yameingia?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

Vijana, ningeweza kudanganya, na hakuna ambaye angejua. "Nilimwambia kompyuta haiachi kitu."

Nikaona niutoe ule mpya. "Nimeuchapa upya, mama. Wote sita wamo. Nimesema nikuletee."

Aliupokea kwa mikono miwili, akautazama, akanirudishia.

"Huu rudi nao, baba. Wa mashine nilishausikia." Karatasi ya Mzee akaikunja kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akaifungia kwenye pindo la kanga.

Kuhusu ndugu zake alisema atawaambia mwenyewe, wale waliobaki. Respisi alikuwa ameshatangulia, bila kujua kwamba aliyemuuguza baba yao alikuwa dada yake. Nilipoomba msamaha, Leokadia alisema, "Kunywa chai, itapoa." Mpaka leo hajasema zaidi ya hapo, nami sijamwomba tena. Nilipomwuliza kama naweza kuwaandikia ninyi na kumtaja jina, hapo alijibu mara moja: "Nitaje. Liandikwe hata mahali pamoja."

Kwa hiyo mkiletewa karatasi, igeuzeni. Mkiona mteja amekosea, mwulizeni kwa sauti ndogo, lakini mwulizeni, hata akiwa na mvi kichwa kizima. Na mkiulizwa kama yote yameingia, msijibu kabla hamjatazama. Ule wasifu wa plastiki ninao hapa mezani, nauwekea kikombe juu.

Novemba iliyofuata Leokadia alikuja. Alibisha hodi kwangu, akaniomba nimwonyeshe kaburi, maana msalaba wa mti ulishaoza na nyasi zimepanda. Alikuwa amevaa kitenge kile, sasa kimepauka. Tuling'oa nyasi, akawasha mshumaa, upepo ukauzima, akauwasha tena. Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi, akaigeuza, akasimama wima kama anavyosimama msomaji wa wasifu. Akasoma ule upande wa nyuma kwa sauti kubwa, wote, mpaka neno la mwisho. Mtaa mzima ulipaswa kuwepo pale, na tulikuwa wawili tu.

Alipomaliza aliikunja, akaweka kiganja kwenye udongo.

"Baba," akasema, "nimesikia."